Mashine Kabla ya Matini: Upotofu wa Usanifu wa Mafunzo katika Darasa la Fasihi

Utangulizi

Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi sasa, kila panapozungumziwa ufundishaji nchini Kenya hutajwa teknolojia, na kila inapotajwa teknolojia vyuoni hutajwa modeli za usanifu wa mafunzo. Mwalimu anayesomea shahada ya elimu hufunzwa majina ya modeli hizo akayajua kwa ghibu: ADDIE, ASSURE, modeli ya Dick na Carey, matukio tisa ya Gagné, SAMR, TPACK. Huzikariri jinsi mtoto wa shule ya msingi anavyokariri ngeli za nomino, akazieleza katika mtihani, kisha akaenda darasani akiwa na slaidi ishirini za muhtasari wa riwaya. Slaidi hizo ndizo zinazoitwa ujumuishaji wa teknolojia katika ufundishaji. Makala haya yanashikilia kwamba huo si ujumuishaji wala si usanifu. Ni mwongozo ule ule wa zamani uliovishwa kanzu mpya.

Hoja kuu ni moja. Modeli yoyote ya usanifu wa mafunzo ni dai kuhusu maana ya kujifunza, na dai hilo halina budi kuhojiwa na taaluma ya somo linalofundishwa kabla ya kifaa chochote kuwashwa. Katika fasihi, kujifunza ni kukutana na matini: kuyasoma maneno yake, kuyasikia, kuyashuku, kuyarudia, na kuitetea tafsiri mbele ya msomaji mwingine aliyeyasoma vivyo hivyo. Teknolojia inayomrudisha mwanafunzi kwenye maneno ya matini ina nafasi darasani. Ile inayomwondolea haja ya kuyasoma haina nafasi, iwe ya thamani iliyoje. Lawama ya kutoiona tofauti hii haiwaangukii mafundi wa kompyuta peke yao. Inawaangukia zaidi wahakiki na idara za fasihi, ambao walilichukulia suala hili kuwa la mafundi wakakaa kando.

Asili ya modeli na dai lililofichika ndani yake

Modeli hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Robert Gagné, ambaye kitabu chake kuhusu masharti ya ujifunzaji kilitolewa mwaka wa 1965, alikuwa mwanasaikolojia aliyepata kulitumikia jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Robert Mager alitoa mwaka wa 1962 kitabu kinachoelekeza namna ya kuandika shabaha: kila shabaha itaje tendo linaloonekana, hali ambamo tendo hilo litafanyika, na kiwango cha kuridhisha. Hatua tano zijulikanazo leo kwa ufupisho wa ADDIE, yaani uchanganuzi, usanifu, uundaji, utekelezaji na tathmini, zina mizizi yake katika kazi iliyofanywa mwaka wa 1975 na Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa matumizi ya jeshi la Marekani. Walter Dick na Lou Carey walifuata mwaka wa 1978, nao Heinich, Molenda na Russell wakatoa ASSURE mwaka wa 1982 kwa ajili ya mwalimu wa kawaida anayetaka kuchagua zana za kufundishia.

Kuzaliwa kambini si dhambi, na hoja haikataliwi kwa sababu ya mahali ilikozaliwa. Hata hivyo, asili hii inaeleza jambo ambalo aghalabu hupuuzwa. Askari anayefunzwa kuifungua bunduki na kuiunga tena ana mwisho mmoja tu wa kazi yake: ama bunduki imeungika, ama haikuungika. Kazi ya namna hiyo hukatika vipande, kila kipande kikapewa shabaha yake, na matokeo yakapimika bila mabishano. Shairi halifunguki hivyo. Wasomaji wawili makini wanaweza kutofautiana kuhusu kejeli iliyomo katika ubeti mmoja, kila mmoja akawa na ushahidi wa matini, na tofauti yao ikawa ndiyo somo lenyewe. Modeli iliyokusudiwa kazi yenye mwisho mmoja inapoletwa bila kuhojiwa katika kazi yenye miisho mingi haishindwi waziwazi ili iachwe. Hufanya jambo baya zaidi. Huitafuta ndani ya fasihi ile sehemu ndogo yenye jibu moja, ikaifanya sehemu hiyo kuwa ndiyo fasihi.

Utumwa wa kutaja

Yeyote aliyewahi kukagua maandalio ya somo ya walimu wanafunzi anaifahamu sentensi hii: kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kutaja sifa tano za mhusika fulani. Kutaja ni tendo linaloonekana, kwa hiyo linakubalika kwa mkaguzi. Kusita mbele ya neno, kushangazwa na hatima ya mhusika, kubadili rai baada ya kusoma mara ya pili, hayo hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo hayaandikwi. Kwa njia hii fasihi imegeuka kuwa orodha: orodha ya maudhui, orodha ya sifa za wahusika, orodha ya mbinu za lugha. Mwanafunzi wa kidato cha nne huweza kuorodhesha tashihisi, jazanda, kinaya na taharuki bila kigugumizi, lakini akiulizwa kinaya hicho kinafanya nini katika sentensi iliyo mbele yake, hunyamaza.

Teknolojia iliingia ikaikuta orodha imekwisha kutawala. Hakuna kinachofaa slaidi kuliko orodha, wala hakuna kinachofaa zoezi la kompyuta lenye majibu manne ya kuchagua kuliko jambo la kutajwa. Slaidi na shabaha ya kutaja ni chanda na pete. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba mashine imeleta mapinduzi katika darasa la fasihi hawajalitazama darasa lenyewe. Mashine haikupindua kitu; ililikuta kosa la zamani ikalipa kasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika fasihi simulizi. Silabasi ya sekondari inadai mwanafunzi afahamu ukusanyaji wa fasihi simulizi nyanjani: mahojiano, hojaji, ushiriki, na matumizi ya vinasa sauti na kamera. Mwanafunzi huzijibu barabara faida za kinasa sauti katika utafiti. Huandika kwamba huhifadhi toni na kiimbo cha fanani, kwamba humruhusu mtafiti kurudia kusikiliza, kwamba hunasa miitikio ya hadhira. Hupata alama zake zote. Lakini hajapata kumrekodi fanani hata mmoja, hata bibi yake mzaa mama. Katika somo ambalo silabasi yenyewe inakitaja chombo na kueleza kazi yake, chombo hicho kimegeuzwa kuwa jibu la mtihani. Ikiwa huo ndio ujumuishaji wa teknolojia, basi mtu anaweza kusemekana kuwa baharia kwa kuzitaja sehemu za jahazi.

Kutanguliza utekelezaji

Watetezi wa vifaa husema kwamba wanafuata modeli. Dai hili halina ukweli, na modeli zenyewe ndizo zinazowakanusha. ADDIE huanza na uchanganuzi. ASSURE huanza kwa kumtazama mwanafunzi, ikafuatisha shabaha, na ni katika hatua ya tatu tu ndipo zana na vyombo huchaguliwa. Hakuna modeli hata moja kati ya hizo inayomwagiza mwalimu anunue mashine kwanza kisha atafute la kuifanyia.

Historia ya karibuni ya Kenya inaonyesha mpangilio uliopinduliwa. Mwaka wa 2013 serikali iliingia madarakani ikiwa imeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ilibatilishwa mwaka wa 2014. Mpango ulianza upya mwaka wa 2016 kwa vishikwambi, na zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Shule nyingi ziliunganishiwa umeme kwa sababu ya mpango huo, na faida hiyo haiwezi kukanwa. Lakini mjadala wa umma ulihusu nini? Ulihusu bei, zabuni, idadi, umeme na usalama wa stoo. Swali la kwanza la uchanganuzi, yaani mtoto huyu hawezi kufanya nini leo ambacho kifaa hiki kitamwezesha kukifanya kesho, halikusikika katika mjadala huo. Kwa lugha ya ADDIE, utekelezaji ulitangulia uchanganuzi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ushahidi wa Kenya yenyewe ulikuwapo kwa aliyetaka kuusikiliza. Utafiti wa Benjamin Piper na wenzake, uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka wa 2016, ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha usomaji wa Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya chini: vishikwambi kwa maofisa wanaowaelekeza walimu, vishikwambi kwa walimu, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Makundi yote matatu yaliwazidi wanafunzi wa shule zisizokuwa katika programu. Lakini hakuna kundi lililolizidi kwa kiasi cha maana lile lililopata programu hiyo hiyo ya usomaji, yenye vitabu, mafunzo na uelekezi wa walimu, bila vifaa hivyo. Kilichofundisha ni programu iliyosanifiwa vizuri. Mashine ilipanda gari lililokuwa tayari likienda.

Richard Clark alikwisha kulisema jambo la namna hii mwaka wa 1983 alipokifananisha chombo cha kufundishia na lori linalobeba vyakula: lori hufikisha chakula, lakini si lori linaloibadilisha afya ya mlaji. Robert Kozma alimpinga katika miaka ya 1990, akisema kwamba baadhi ya vyombo vina uwezo ambao vingine havina. Ubishi huu unamhusu mhakiki wa fasihi kuliko mwalimu wa somo jingine lolote, na ni ajabu kwamba wahakiki hawakuuingia. Katika fasihi, chombo si lori tupu. Utenzi unaoghaniwa na utenzi uliochapwa si kitu kimoja. Ngano inayotambwa mbele ya hadhira inayoitikia si ile iliyofungwa ndani ya kitabu cha darasa la tano. Walipodai mwaka wa 1968 kwamba fasihi simulizi iwekwe katika kiini cha masomo ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliufungua mlango wa swali hili hili: neno linaposemwa lina nini ambacho neno lililoandikwa halina? Taaluma iliyorithi swali hilo ndiyo iliyopaswa kuwaambia wasanifu wa mafunzo chombo gani kinafaa matini gani. Badala yake iliwaachia wauzaji.

Ngazi ya SAMR na mwanafunzi asiye na kitabu

Kati ya modeli zote zinazotajwa katika warsha za walimu, SAMR ya Ruben Puentedura ndiyo inayopotosha zaidi. Modeli hii ina vidato vinne: kubadilisha zana tu, kuboresha, kurekebisha kazi, na hatimaye kuibuni kazi upya kabisa. Kwa jinsi inavyoeleweka na wengi, mwalimu hodari ni yule aliyepanda kidato cha juu. Kwa kipimo hicho, wanafunzi wanaotengeneza video ya katuni kuhusu tamthilia wamefika mbali kuliko wanaosoma tamthilia ile ile kwenye skrini kama ambavyo wangeisoma kitabuni.

Lakini mtazame mwanafunzi wa shule ya kutwa mashambani ambaye darasa lake lina nakala moja ya riwaya kwa wanafunzi watano. Kwake yeye, nakala halali ya riwaya nzima katika kifaa kisicho na kingine chochote ni jambo kubwa kuliko katuni zote duniani, kwa sababu itampa saa ya upweke na kitabu. SAMR humweka katika kidato cha chini kabisa. Kosa lake ni bayana: hupima umbali ambao mashine imeipeleka kazi, haipimi kama kazi hiyo ilistahili kufanywa. Video ya katuni inaweza kutengenezwa na mwanafunzi aliyesoma muhtasari tu, na mara nyingi ndivyo inavyotokea.

TPACK, waliyoieleza Mishra na Koehler mwaka wa 2006 wakijenga juu ya kazi ya Lee Shulman ya miaka ya 1980, ina heri zaidi. Hiyo hudai maarifa matatu yakutane: ya somo, ya kufundisha, na ya teknolojia. Mhakiki ana kiti katika baraza hilo. Kinachosikitisha ni kwamba katika warsha nyingi duara la maarifa ya somo huchorwa ubaoni kisha likaachwa tupu, kana kwamba fasihi ni kitu ambacho kila mmoja anakijua na hakuna haja ya kukijadili.

Mwongozo katika kanzu mpya

Darasa la fasihi nchini limeishi chini ya kivuli cha mwongozo kwa miaka mingi. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi zilipochukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea na Chozi la Heri ya Assumpta Matei katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa, miongozo ya kuzifafanua haikukawia kufika madukani. Uhakiki ulioandikwa vizuri si adui wa mwanafunzi. Ni msomaji mwenzake aliyemtangulia. Uadui huanza pale mwongozo unaposomwa badala ya kitabu, na maswali, majibu na hata dondoo zikatoka mle ndani.

Teknolojia imeuondolea mwongozo vizuizi viwili vilivyokuwa vikiupunguzia nguvu: bei na muda. Muhtasari wa sura husambazwa kwa simu usiku, ukachapwa asubuhi, ukagawanywa darasani adhuhuri. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2022, programu za akili mnemba zinaweza kumwandikia mtu mwongozo wa takriban matini yoyote kwa dakika chache, pamoja na sifa za wahusika na mifano, mingine ya kubuni ambayo haimo kitabuni kamwe. Mwanafunzi ambaye hajaisoma matini hawezi kuutambua uongo huo. Hapa ndipo lilipo jambo zito katika mjadala huu. Hatari iliyopo ni kizazi kinachofaulu katika fasihi bila kuwahi kuwa wasomaji, kisha kikarudi darasani kama walimu na kuendeleza yale yale.

Sauti kama mahali pa kuanzia

Kukosoa peke yake hakutoshi. Sharti ionyeshwe kwamba njia nyingine ipo na kwamba haihitaji utajiri. Uchukuliwe mfano wa somo la shairi la kimapokeo la tarbia katika kidato cha tatu. Darasa lina wanafunzi hamsini, na kifaa kilichopo ni simu ya mwalimu pamoja na kipaza sauti kidogo, kwa kuwa shule nyingi za bweni haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu.

Uchanganuzi huanza na matini. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na kila nusu imefungwa kwa kina chake. Mshairi ameboronga sarufi mahali fulani ili vina vitimie, na ametumia inkisari mahali pengine ili mizani zitimie. Kisha hufuata uchanganuzi wa mwanafunzi: wengi husoma kwa kuishusha sauti kila wanapofika kwenye kina, hata pale ambapo maana inavuka hadi kipande cha pili. Wanazihesabu mizani kwa vidole lakini hawazisikii.

Shabaha inayotokana na uchanganuzi huu si kutaja bahari ya shairi. Ni hii: mwanafunzi ausome ubeti mmoja kwa sauti kwa namna mbili zinazotofautiana, aeleze ni ipi inayotetewa na matini, na aoneshe maneno yanayoitetea. Inafaa itambuliwe kwamba shabaha hii inatimiza masharti yote ya Mager. Ina tendo linaloonekana, ina hali, ina kiwango. Kumbe modeli haikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa uvivu wa kudhani kwamba tendo pekee linaloonekana katika fasihi ni kuorodhesha.

Sasa ndipo kifaa kinapouliziwa. Sauti ya msomaji hufa papo hapo inapotoka, na msomaji mwenyewe ndiye asiyeweza kuisikia vyema. Chaki haiwezi kuirudisha. Kinasa sauti kinaweza. Wanafunzi wawili husoma, hurekodiwa, darasa likasikiliza likiwa na shairi mbele yake, likatia alama pale sauti ilipotua. Mabishano huzuka: kwa nini wa kwanza alitua baada ya ukwapi na wa pili akapita? Jibu halimo katika simu. Limo katika shairi, na darasa hulirudia shairi kulitafuta. Baada ya wiki moja wanafunzi wale wale husoma tena, na kurekodiwa kwao kwa pili kukawekwa kando ya kwa kwanza. Hiyo ndiyo tathmini. Somo zima halikuhitaji intaneti wala projekta, na teknolojia ilifanya jambo moja tu ambalo hakuna kingine kingeweza kulifanya.

Vivyo hivyo, mwanafunzi anayetumwa wakati wa likizo kumrekodi mzee wa kwao akitamba ngano, kwa idhini ya mzee huyo, kisha akainukuu neno kwa neno, atajifunza katika kazi hiyo ya kunukuu mambo ambayo hakuna slaidi inayoweza kumfunza. Atagundua kwamba hadhira ilikatiza, kwamba fanani alirudi nyuma kurekebisha, kwamba wimbo uliomo katikati ya ngano hauandikiki bila kupoteza kitu. Wanafunzi watatu wakileta ngano moja katika matoleo matatu, swali la umilikaji na ubadilikaji wa fasihi simulizi litakuwa mezani, likiwa hai.

Redio nayo isisahaulike. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 palikuwa na mradi wa kuwafundisha Kiingereza watoto wa madarasa ya chini nchini Kenya kwa redio, ambamo msikilizaji aliachiwa nafasi ya kujibu na masomo yakajaribiwa madarasani kabla ya kukamilishwa. Huo ulikuwa usanifu kwa maana yake halisi. Na shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, redio ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi ambazo kompyuta haikuzifikia. Fasihi ambayo nusu yake huishi katika sauti haina sababu ya kukionea haya chombo cha sauti.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wahafidhina. Husema kwamba fasihi ni sanaa, na sanaa haisanifiwi kwa hatua tano kama barabara. Hoja hii inavutia lakini haina mashiko. Fanani anayeita "Paukwa!" akangoja "Pakawa!" amesanifu. Anaijua hadhira yake, anajua saa, anajua lini aingize wimbo. Msomaji wa Gagné ataharakisha kusema kwamba hilo ni tukio la kwanza kati ya tisa, yaani kuvuta nadhari. Hapo mhakiki hana budi kumrekebisha: mwito huo hauvuti nadhari tu, bali ni mapatano kwamba kinachofuata kitakuwa mali ya pande zote mbili. Modeli na mapokeo zikikutana kwa namna hii, kila moja hulihoji jingine, na zote mbili hufaidika.

Pingamizi la pili hutoka kwa walimu wenyewe, nalo ni zito. Husema kwamba mtihani ndio unaoamua, na kwamba Karatasi ya Tatu ya Kiswahili hudai orodha. Ni kweli kwamba mtahini ana sehemu yake katika lawama. Dondoo linalotakiwa kuwekwa katika muktadha wake hujibika kwa kukariri mwongozo. Lakini hoja hii inaelekea kwa mtahini, haimwachilii msanifu. Tathmini ni hatua ya modeli, na idara zinazodai kuifahamu modeli haziwezi kuinyamazia hatua yake ya mwisho. Mtaala wa umilisi, ambao umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi pamoja na fikra tunduizi na ubunifu, umetoa nafasi ya kulidai badiliko hilo. Nafasi hiyo itapotea iwapo ujuzi wa kidijitali utafasiriwa kuwa kubonyeza vitufe.

Pingamizi la tatu husema kwamba wanafunzi wa leo ni watoto wa skrini na hawatasoma tena. Hili ni kukata tamaa kunakojiita uhalisia. Watoto hao hao husikiliza hadithi, hughani maneno ya nyimbo kwa usahihi wa kushangaza, na hubishana kuhusu maana yake. Hawajaukataa usomaji, wengi wao hawajaonyeshwa usomaji.

Hitimisho

Idara za fasihi na Kiswahili zina mambo matatu ya kufanya, na hakuna hata moja linalongoja bajeti. Kwanza, andalio la somo la fasihi lisipokewe kutoka kwa mwalimu mwanafunzi iwapo halina kipande cha matini kilichochanganuliwa kabla ya zana kutajwa. Pili, kozi ya teknolojia ya elimu isiachiwe idara nyingine peke yake. Mhakiki aketi ndani yake na kuuliza, mbele ya kila kifaa, kinamrudisha mwanafunzi kwenye neno gani. Tatu, kila mwalimu wa fasihi anayehitimu awe amekusanya, amerekodi na amenukuu angalau tungo moja ya fasihi simulizi kwa mkono wake, ili asije akaifundisha kazi hiyo kama orodha ya faida na hasara.

Modeli zitaendelea kubuniwa na vifaa vitaendelea kubadilika. Vishikwambi vya mwaka wa 2016 vilikuja vikisifiwa, na vitakavyofuata vitasifiwa vile vile. Idara isiyo na swali lake yenyewe la kuviuliza itapokea kila kinacholetwa mlangoni, ikatia saini, na kurudi kuhesabu mizani kwa vidole.